Robert Koch, Mpelelezi wa Maradhi

Askari waliopata kulinda mpaka wa Mpondwe wanaijua njia panda ya Kikorongo, ambapo barabara ya Bwera huachana na ile iendayo Mbarara. Pande zote ni mbuga na maziwa, wala watu si wengi. Upweke huo una historia yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliwakumba wakazi wa kandokando ya maziwa haya, na serikali ya kikoloni ikawahamisha wengi wa walionusurika. Hifadhi ya wanyama iliyotangazwa mwaka 1952 iliikuta ardhi imekwisha kupungukiwa na watu. Malale hayo hayo ndiyo yaliyomleta Uganda Daktari Robert Koch, ambaye maisha yake tunayasimulia leo.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani, baba yake akiwa ofisa wa migodi. Alihitimu udaktari Göttingen mwaka 1866, na vita baina ya Wajerumani na Wafaransa vilipozuka mwaka 1870 alijitolea kuwatibu askari. Baadaye akawa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, asiye na maabara ila sehemu ya chumba alimotibia wagonjwa. Humo, mwaka 1876, alithibitisha kwamba kimeta huletwa na bakteria wa aina moja tu, na kwamba mbegu zake huweza kungoja udongoni kwa miaka mingi. Viboko waliokufa kwa mamia katika hifadhi yetu ya Queen Elizabeth miaka ya 2004 na 2005 waliuawa na bakteria huyo huyo.

Zama hizo madaktari wengi waliamini kwamba maradhi huletwa na hewa mbaya. Koch akaweka utaratibu ambao polisi hawatashindwa kuufahamu. Kijidudu kinachoshukiwa sharti kionekane kwa kila mgonjwa. Kioteshwe peke yake nje ya mwili. Kikitiwa katika mnyama mzima kimletee ugonjwa ule ule. Kisha kipatikane tena ndani yake. Pasipo ushahidi huo, hakuna mshtakiwa. Kwa njia hiyo alikitangaza kijidudu cha kifua kikuu mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, kisha akakifuata kile cha kipindupindu hadi Misri na India.

Mwaka 1885 alifanywa profesa wa elimu ya usafi wa afya, na kwa maoni yetu hapo ndipo alipowafaa watu kuliko popote. Kipindupindu kilipoingia Hamburg mwaka 1892, watu zaidi ya 8,000 walifariki. Mji jirani wa Altona ulichota maji katika mto ule ule, tena chini ya mahali ulipomwagwa uchafu wa Hamburg, lakini ulisalimika kwa sehemu kubwa. Altona ilichuja maji yake kwa mchanga, Hamburg haikuchuja. Miaka kumi baadaye Koch aliongoza msako wa homa ya matumbo, ikadhihirika kwamba mtu mwenye afya kamili, pengine mpishi wa kambi, aweza kubeba vijidudu na kuwaambukiza wenzake. Kupima, kutenga na kuwatafuta waliokutana na mgonjwa ndiko kulikofanyika Bwera mwezi Juni 2019, Ebola ilipovuka mpaka kutoka Kongo. Safari hiyo na chanjo nayo ilikuwapo.

Lakini Koch alikuwa na haraka ya kuponya. Mwaka 1890 alitangaza tuberkulini kuwa dawa ya kifua kikuu, akaficha jinsi ilivyotengenezwa. Wagonjwa walifurika Berlin. Wengi hawakupona, na wengine walikufa. Hata hivyo, uvimbe ulioletwa na dawa hiyo ulionyesha kwamba mwili uliokwisha kukutana na kijidudu hukikumbuka, jambo lililo msingi wa elimu ya kinga, na tuberkulini ikabaki kuwa kipimo. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel.

Mwaka uliofuata alipiga kambi Bugala, katika visiwa vya Sese. Malale yalikuwa yameua watu wanaokadiriwa kupita 200,000 nchini Uganda. Castellani na Bruce walikwisha kuonyesha kimelea chake na jinsi mbung'o anavyokieneza. Koch alikuja na atoksili, dawa yenye aseniki. Mwanzoni vimelea vilitoweka katika damu, na waliokuwa hawawezi kusimama wakainuka. Habari zikaenea, mitumbwi ikaleta wagonjwa kwa mamia. Kisha vimelea vikarudi. Koch akaongeza kipimo cha dawa, na wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka wasione tena. Hapo akakiacha kipimo hicho. Hatuwezi kulipita jambo hili kwa wepesi: ilikuwa haraka ile ile ya Berlin, ila safari hii walioilipia walikuwa wavuvi na wakulima walio chini ya utawala wa kigeni, wasioweza kumdai mtu yeyote.

Alipoondoka mwaka 1907, ushauri wake ulikuwa kufyeka vichaka na kuwatenga wagonjwa makambini. Alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, mwenye umri wa miaka 66. Watu wa Sese walikuwa wamekwisha kuhamishiwa bara kwa amri ya serikali, na ilipita miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kurudi makwao.