Muhammad Ankoni wa Kilwa

Sisi tukaao Mikindani, Mtwara na penye mlango wa mto Ruvuma twajua ya kuwa zamani vyombo vya Kilwa vilipita mbele ya pwani yetu, vikienda Sofala kutafuta dhahabu. Mali ile iliwatia wakubwa wa Kilwa katika ugomvi wa kiti. Yafaa tumkumbuke mmoja wao, Muhammad Ankoni.

Huyu hakuwa wa nyumba ya kifalme; alikuwa tajiri, mwenye kazi ya hazina, tena rafiki wa Sultani al-Fudail. Sultani huyo aliuawa na Amiri Ibrahimu, aliyejitwalia enzi. Lakini watu wa mji hawakukubali kumwita sultani, walimwita amiri tu. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika na merikebu zake, akailazimisha Kilwa kutoa kodi ya mithkali 1,500 za dhahabu kila mwaka. Muhammad akatolewa kuwa rehani. Yasemwa kwamba Amiri hakulipa, akitumaini Wareno watamwondolea mpinzani wake. Basi Muhammad akajikomboa kwa mali yake mwenyewe.

Tarehe 24 Julai 1505 Francisco de Almeida aliupiga mji na kuuteka nyara. Twasikitika kusema kwamba watu wale waliuingia na msalaba. Ibrahimu akakimbia, na Muhammad akavikwa taji ya dhahabu iliyokusudiwa mfalme wa Cochin katika Bara Hindi. Hapo alitenda jambo kubwa: ingawa alikuwa na wana, aliomba kwamba baada yake enzi imrudie Mikante, mwana wa sultani aliyeuawa.

Lakini kisasi hakikulala. Mwaka 1506 mkuu wa Tirendikunde, jamaa yake Ibrahimu, alimvuta kwa hila, akauawa. Wareno hawakulishika ombi lake. Walimtawaza mwanawe, Haji Hasani, naye akafanya vita kulipiza damu ya baba. Baadaye aliondolewa, akawekwa Mikante, naye hakudumu. Wareno walipoiacha ngome yao mwaka 1512, Ibrahimu akarudi.

Ndugu walimu, mnapowafundisha watoto habari za Kilwa, msiwaonyeshe magofu tu. Waambieni kwamba damu haikuoshwa kwa damu, na kwamba palikuwapo mtu mmoja aliyetaka kumrudishia yatima haki yake. Naye kama angalisikilizwa, huenda mji ungalipata amani.