Padri Joseph Mullooly (1812–1880)

Padri Mullooly alizaliwa Irlandi, akaingia shirika la Mtakatifu Dominiko, akawekwa Roma katika kanisa la Mtakatifu Klementi. Watu walidhani kwamba kanisa lile ndilo la Wakristu wa kale.

Mwaka 1857 Padri alianza kuchimba chini yake. Akakuta kanisa jingine, la karne ya nne, lililojazwa udongo na mawe. Hakuacha. Miaka kumi hivi baadaye chumba chenye mfano wa pango kilionekana chini zaidi: mabenki ya mawe kandokando, na altare yenye sura ya mungu Mithras akichinja ng’ombe dume. Humo wanaume wapagani walikula karamu zao za siri, wanawake hawakukubaliwa.

Lakini maji yakalifunika pango. Padri alikufa mwaka 1880, akazikwa katika kanisa lile alilolifukua, na pango lingali majini. Ndipo mwaka 1912 hadi 1914 Padri Louis Nolan, wa shirika lile lile, alichimbisha mfereji, maji yakatoka.

Basi, enyi wakatekumeni, msichoke. Aliyeanza kazi hakuuona mwisho wake. Wala hakufanya kazi bure.