Elijah Masinde: Nabii katika Wodi za Mathari

Elijah Masinde alizaliwa Kimilili, kaskazini mwa Bungoma, mnamo mwaka wa 1910 hivi. Kabla ya kujulikana kwa unabii alijulikana kwa kandanda. Mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Alilelewa katika Kanisa la Marafiki, na baadaye likamtenga kwa kuoa mke wa pili. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1940 alikuwa mzee wa ngazi ya chini katika baraza la Kimilili. Mtu wa namna hii hakuwa mzururaji asiye na kwao. Alikuwa na cheo, familia na majirani wa kumshuhudia.

Ndipo alipoanza kuhubiri Dini ya Msambwa. Aliwataka Wabukusu wamrudie Wele, Mungu wa mababu zao, wauheshimu mlima Elgon kama mahali patakatifu, na wakatae kazi za lazima walizoamriwa na serikali. Wazungu, alifundisha, sharti warudi kwao. Mwaka 1944 mvutano wake na wakuu wa eneo ulifikia mapigano, akakamatwa. Mwaka uliofuata hakuishia gerezani kama wakaidi wengine, bali alipelekwa Nairobi, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari.

Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1910 katika majengo yaliyotumiwa awali kuwatenga wagonjwa wa ndui, na ikapewa jina la Mathari mwaka 1924. Wodi zake ziligawanywa kwa rangi za watu. Msimamizi wake tangu 1938 hadi 1950 alikuwa J.C. Carothers, daktari wa kawaida ambaye hakuwa amebobea katika magonjwa ya akili alipokabidhiwa kazi hiyo. Baadaye Carothers aliandika, katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, kuhusu kile alichokiita akili ya Mwafrika. Aliwahi hata kuufananisha ubongo wa Mwafrika na ule wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 aliandika tena, safari hii kuhusu Mau Mau, akiyaeleza kama matatizo ya nafsi kuliko madai ya ardhi. Mgonjwa aliyeongozwa na imani ya namna hiyo angepimwa kwa mizani iliyokwishapinda.

Wala Masinde hakuwa wa kwanza kutazamwa kwa jicho hilo. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alidai kumezwa na joka la ziwani na kupewa ujumbe. Imani ya Mumbo ikaenea hadi katika milima ya Wagusii, iliko Gesima. Waumini walifuga nywele, wakangoja siku ya kuondoka kwa Wazungu. Maafisa waliona upuuzi na ushawishi wa walaghai. Baadhi ya viongozi wakahamishwa mbali. Aliyesikia sauti alihesabiwa hatari kwa sababu sauti hiyo ilisema serikali ingeondoka.

Hapa ndipo kisa cha Masinde kinapogusa taaluma ya uuguzi wa akili. Muuguzi anayehudumia Kimilili au Gesima leo hufundishwa kwamba kusikia sauti si ugonjwa kwa lenyewe. Huuliza mgonjwa analalaje, anakulaje, anafanyaje kazi zake. Huuliza nduguze kama wanamwona amebadilika na kuwa asiyeeleweka hata kwa watu wa imani yake. Katika skizofrenia, mara nyingi jamaa ndio hutambua kwanza kwamba mwenzao amepotea kutoka katika maisha waliyoyajua. Masinde hakupotea: maelfu ya watu walimwelewa vizuri mno. Hilo, pengine, ndilo lililoikera serikali zaidi. Kumpima marehemu ni kazi isiyowezekana, lakini swali kama aliulizwa maswali hayo linabaki.

Aliachiliwa mwaka 1947. Septemba mwaka huohuo alikusanya umati Chetambe, mahali ambapo Wabukusu waliuawa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Februari 1948 polisi walifyatua risasi Malakisi, watu 11 wakafa. Siku chache baadaye Masinde alikamatwa, dini yake ikapigwa marufuku, naye akapelekwa Lamu. Serikali ilikuwa imeacha kumwita mgonjwa. 

Alirudi mwaka 1961. Uhuru haukumpa raha iliyotarajiwa, kwani dini yake iliyosajiliwa 1964 ilipigwa marufuku tena 1968, naye akafungwa tena na tena chini ya serikali ya Kenyatta, hadi alipoachiliwa mwaka 1978 na Rais Moi. Safari hii waliomfunga walikuwa Waafrika wenzake. Alifariki Juni 1987, na wazee wa Bungoma waliendelea kumtaja kuwa nabii.