Wendell Scott: Mshindi Aliyenyimwa Kikombe

Tarehe 1 Desemba 1963, mjini Jacksonville katika jimbo la Florida, mtu mmoja alishinda mbio za magari, kisha mwingine akatangazwa mshindi. Aliyedhulumiwa aliitwa Wendell Scott, Mmarekani mweusi.

Scott alizaliwa Danville, Virginia, mwaka wa 1921. Aliendesha teksi, akawa fundi wa magari jeshini wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na aliporejea nyumbani akafungua gereji. Kwa kuwa kipato kilikuwa haba, usiku alisafirisha wiski ya magendo, binamu wa chang'aa yetu, na polisi waliomfukuza walimnasa mara moja tu. Mnamo 1952 waandalizi wa mbio za Danville, wakitafuta dereva mweusi wa kuwavutia watazamaji, walikwenda kuwauliza polisi hao hao ni nani aendeshaye kwa kasi. Jina walilopewa ni la Scott. Mtunzi wa tamthilia angebuni kinaya hicho, angeambiwa ametia chumvi.

Alipata leseni ya chama cha NASCAR mwaka wa 1953, na kuanzia 1961 akashindana katika daraja la juu kabisa. Wenzake walikuwa na wafadhili. Yeye alikuwa na magari yaliyochakaa, spana zake na wanawe waliokuwa mafundi wake. Baadhi ya madereva weupe walimgonga kusudi uwanjani. Ni katika hali hiyo alipofika Jacksonville.

Siku hiyo aliwashinda wote, akamwacha Buck Baker nyuma kwa mizunguko miwili. Hata hivyo, bendera ya mirabamiraba haikupeperushwa kwa ajili yake, na kikombe akakabidhiwa Baker. Saa kadhaa baadaye, watazamaji wakiwa wamekwisha kwenda zao, wasimamizi walikiri kwamba Scott ndiye mshindi. Walisema lilikuwa kosa la kuhesabu. Sisi tunaoshughulika na maana za maneno tunajua kuwa kosa ni tendo lisilokusudiwa, na ni vigumu kuamini kuwa mizunguko miwili mizima ilipotea bila kukusudiwa. Wengi wanaamini kwamba wasimamizi waliogopa kumwona mtu mweusi akipongezwa jukwaani na mrembo mweupe, kama ilivyokuwa desturi.

Scott alishiriki mbio 495 za daraja hilo, akamaliza miongoni mwa kumi bora mara 147, lakini hakushinda tena. Ajali mbaya ya Talladega, Alabama, mwaka wa 1973 ilimvunja mifupa na kuukatiza uendeshaji wake. Alifariki mwaka wa 1990.

Jina lake liliingizwa katika jumba la mashujaa la NASCAR mwaka wa 2015. Kikombe chenyewe familia yake ilikabidhiwa na chama hicho Agosti 2021, miaka 57 na ushei baada ya Jacksonville. Oktoba mwaka huo, Bubba Wallace akawa mweusi wa pili kushinda mbio za daraja hilo, papo hapo Talladega.