Benjamin Franklin na Kitabu cha Hesabu

Desemba iliyopita, nilipokwenda likizo baada ya Kidato cha Tatu, nilimwazima mdogo wangu kitabu chake cha hesabu cha Darasa la Sita. Alicheka sana, nami niliona haya. Lakini katika mtihani wa mwaka nilikuwa nimepata alama 19 kwa mia, na mwalimu aliandika katika ripoti kwamba kinachoniangusha si aljebra, bali sehemu na desimali. Mama aliisoma ripoti ile mara mbili, akaikunja, asiseme neno. Kwa hiyo nataka kuwasimulia wasomaji wa gazeti letu habari za mtu aliyefanya kama mimi, akiwa na umri karibu na wangu.

Benjamin Franklin alizaliwa mjini Boston, Marekani, tarehe 17 Januari 1706. Baba yake alikuwa fundi wa mishumaa na sabuni, mwenye watoto 17, na Benjamin alikuwa wa mwisho kati ya wanaume. Shuleni alikaa kama miaka miwili tu. Kuandika alikuweza, ila hesabu zilimshinda. Alipofika miaka 10 baba yake akamtoa, akawa anakata tambi za mishumaa, kazi ambayo hakuipenda hata kidogo. Mwaka 1718 akapelekwa kwa kaka yake James, mpiga chapa, ili ajifunze kazi hiyo.

Huko, alipokuwa na miaka kama 16, jambo fulani lilimtahayarisha kwa kutojua hesabu. Hakungoja mwalimu. Alitwaa kitabu cha hesabu cha Mwingereza aitwaye Cocker, akakisoma chote peke yake, na safari hii akaona ni rahisi. Kisha akajifunza jiometri kidogo katika vitabu vya mabaharia. Nafasi aliipata wapi? Alikuwa ameacha kula nyama, akamwomba kaka yake ampe nusu ya fedha za chakula ajilishe mwenyewe. Wenzake wakienda kula, yeye alibaki kiwandani na kipande cha mkate, zabibu kavu kidogo, na kitabu. Hata katika nusu ile aliweka akiba ya kununulia vitabu. (Sisi wa bwenini, kengele ya ugali na maharage ikilia, sijui nani angebaki.)

Mwaka 1723 alitorokea Philadelphia, akawa mpiga chapa mashuhuri. Habari zake za umeme, na za kutia sahihi Tangazo la Uhuru mwaka 1776, zinajulikana. Hakuwa malaika: alimiliki watumwa, ingawa uzeeni aliongoza chama cha kupinga utumwa. Mimi napenda zaidi kwamba alipokuwa karani wa Baraza la Pennsylvania, maneno ya wajumbe yakimchosha, alichora miraba ya namba. Mmoja una vyumba 64, na kila safu, ya kulala na ya kusimama, jumla yake ni 260.

Alikufa tarehe 17 Aprili 1790. Katika wosia aliiachia Boston pauni 1,000 na Philadelphia 1,000, zikopeshwe mafundi vijana kwa riba ya 5 kwa mia, na riba izae riba miaka 100. Alikadiria kwamba kila fungu lingefika pauni 131,000.

Siku ya mwisho ya likizo nililijaribu hesabu hilo kwa jedwali la logi la tarakimu nne. Logi ya 1.05 ni 0.0212, mara 100 ni 2.12; nikapata 131.8, yaani pauni 131,800. Nilifurahi, kisha zile 800 zikaninyima usingizi. Shule ilipofunguliwa, mwalimu alinionyesha kwamba jedwali limeikuza kidogo tarakimu ya mwisho, na kosa dogo likizidishwa mara 100 huonekana. Jibu lenyewe ni karibu pauni 131,500. Mzee Franklin alikuwa ameacha zile mia tano.

Katika jaribio la mwezi uliopita nilipata 54. Ripoti ya muhula huu mama hajaiona bado.