Jalaram Bapa wa Virpur

Jalaram Bapa alizaliwa mwaka 1799 katika kijiji cha Virpur, Gujarat, katika ukoo wa wafanyabiashara wa Kilohana. Katika ujana wake alifanya kazi katika duka la baba yake, kisha la ami yake. Hakuweza kumwacha mcha Mungu mwenye njaa apite mlangoni mikono mitupu. Lakini mali aliyotoa haikuwa yake peke yake, na lawama zikamfikia.

Akawa mwanafunzi wa mtawa Bhoja Bhagat wa Fatehpur. Kwa baraka zake, mwaka 1820, Jalaram na mkewe Virbai walianzisha sadavrat, yaani jiko la kumlisha kila ajaye, bila kuuliza dini wala tabaka. Mapokeo yasimulia kwamba nafaka ya kwanza ilikuwa ujira wao wa kuvuna mashamba ya watu, na kwamba ilipopungua, Virbai aliuza mapambo yake. Safari hii walitoa jasho lao wenyewe.

Jalaram Bapa alifariki mwaka 1881, lakini jiko halikuzimika. Tangu mwaka 2000 hekalu la Virpur halipokei sadaka yoyote, wala fedha wala vitu; hata hivyo, kila mgeni hula bure.

Sisi wafanyabiashara hupenda majina yetu yachongwe kwenye marumaru. Katika maadhimisho haya, tunaposoma hesabu za michango ya hekalu letu, tuulize pia ni majirani wangapi walioshiba.