Bichat, Tabibu Aliyeufumua Mwili

Ni wachache matabibu waliofariki wakiwa vijana, na majina yao yakabaki kama lilivyobaki jina la Xavier Bichat. Alizaliwa Thoirette, mashariki ya Ufaransa, tarehe 14 Novemba 1771, na baba yake naye alikuwa tabibu. Alianza kusoma upasuaji mjini Lyon. Mwaka 1793, nchi imechafuka kwa mapinduzi, akaenda Paris, na huko akawa mwanafunzi wa Pierre-Joseph Desault, bingwa wa upasuaji wa hospitali ya Hôtel-Dieu. Desault alimpenda kijana huyu, akamtia nyumbani mwake. Alipofariki mwaka 1795, Bichat aliyakusanya maandishi ya mwalimu wake akayatoa kitabu kabla ya kujitafutia sifa zake mwenyewe. Huo, kwa hakika, ulikuwa uungwana.

Zama hizo matabibu wa Ulaya waliyatafuta maradhi katika kiungo kizima: moyo, ini, pafu. Bichat aliona haitoshi. Kila kiungo kimefumwa kwa vitu vya namna mbali mbali, na kitu cha namna moja hupatikana katika viungo vingi. Kwa hiyo utando unaofunika pafu na utando wa ndani ya tumbo, ingawa viko mbali mbali, huugua kwa njia moja. Vitu hivyo ndivyo tuviitavyo tishu, neno lililotokana na Kifaransa, na maana yake ni kitu kilichofumwa, kama kikoi.

Mpishi aliyekatakata mbuzi wa biriani anayajua haya kwa mikono yake: nyama mbali, shahamu mbali, utando mbali, na kano ile isiyolainika upesi. Bichat alifanya kazi kama hiyo kwa maiti za watu. Alizichemsha sehemu zake, akazikausha, akaziozesha, akazitia katika asidi, apate kuona ipi itavumilia na ipi itayeyuka. Hadubini hakuiamini. Yasemekana katika majira mamoja ya baridi alipasua maiti zaidi ya 600. Kwetu sisi tuliolelewa kuistahi maiti, habari hiyo yasisimua mwili.

Katika kitabu chake cha mwaka 1801 alihesabu tishu 21. Siku hizi wataalamu huzigawa mafungu manne. Za kufunika ziko juu ya ngozi na katika kuta za ndani za matumbo. Hulinda, hutoa majimaji na hufyonza chakula. Za kuunganisha ni mifupa, gegedu, kano, shahamu, na hata damu. Za misuli hujikunja na kujikunjua. Bichat mwenyewe alikwisha kuitenga misuli tuiendeshayo kwa hiari na ile ijiendeshayo. Za neva hupeleka habari baina ya ubongo na mwili.

Kazi ilimchosha mno. Mwezi wa Julai 1802 alianguka katika ngazi za Hôtel-Dieu, homa ikamshika, na mjane wa Desault ndiye aliyemuuguza. Alifariki tarehe 22, umri wake miaka 30. Napoleon aliamuru liwekwe hospitalini jiwe la kumbukumbu lenye majina mawili, la Desault na la Bichat. Mwaka 1845 mabaki yake yalihamishiwa makaburi ya Père Lachaise, yakasindikizwa na watu zaidi ya 2,000.